Idadi ya Watu na Muundo wa Jamii katika Kijiji cha Kaskazini mwa India: Yanayoonekana na Yasiyoonekana katika Sensa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kusoma takwimu za idadi ya watu na muundo wa jamii katika kijiji cha India, kwa kutumia mfano wa Palanpur, kijiji kilichopo katika wilaya ya Moradabad, jimbo la Uttar Pradesh. Palanpur kimechunguzwa na wachumi kaya kwa kaya mara kadhaa tangu mwaka 1957. Kwa sababu hiyo, kinatoa nafasi ya kulinganisha yale yanayoripotiwa na sensa ya taifa na yale yanayobainika kwa uchunguzi wa karibu. Hoja kuu ni kwamba jati, ambayo ndiyo msingi wa ndoa na ambayo kwa kiasi kikubwa huathiri umiliki wa ardhi na upatikanaji wa kazi, haionekani katika muhtasari wa sensa wa kijiji isipokuwa kwa sehemu ndogo. Makala inaonesha chanzo cha pengo hilo, matokeo yake kisera, na tahadhari zinazomhusu mtafiti anayetumia takwimu hizo.

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu nchini India watu 1,210,854,977. Takribani asilimia 69 kati yao waliishi vijijini, na orodha rasmi ya vijiji, vikiwemo visivyo na wakazi, ilizidi 640,000. Kwa kila kijiji chenye wakazi sensa ilitoa muhtasari wa mstari mmoja. Mstari huo unaonesha idadi ya kaya, idadi ya wanaume na wanawake, watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 6, watu wa jati zilizoorodheshwa kisheria, watu wa makabila yaliyoorodheshwa kisheria, wanaojua kusoma na kuandika, pamoja na wafanyakazi waliogawanywa katika makundi manne: wakulima, vibarua wa kilimo, wafanyakazi wa viwanda vya nyumbani, na wafanyakazi wengineo.

Muhtasari wa namna hii una thamani kubwa. Ni nchi chache zinazoweza kumpatia mtafiti takwimu za kila kijiji kwa utaratibu unaofanana. Hata hivyo, urahisi wa kuzipata umezaa mazoea ya kuzinukuu kana kwamba zinajitosheleza: mwandishi hutaja idadi ya watu, uwiano wa jinsi na kiwango cha kisomo, kisha huamini kuwa amekwisha kueleza muundo wa jamii ya kijiji. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba takwimu hizo zinaanza tu kueleweka pale zinaposomwa pamoja na mambo matatu ambayo muhtasari wenyewe hauyaoneshi, yaani jati, ardhi na utaratibu wa ndoa.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi ya kwanza inayohitaji ufafanuzi ni jati. Katika maandishi ya Kiswahili dhana hii hufasiriwa ama kuwa "tabaka" ama kuwa "kabila", na fasiri zote mbili zina upungufu. Neno tabaka humwelekeza msomaji kwenye tofauti za kipato na mali, ilhali katika kijiji kimoja familia ya jati yenye hadhi ya juu inaweza kuwa maskini kuliko familia ya jati iliyo chini yake. Neno kabila nalo hudokeza lugha na eneo la asili, ilhali jati kumi za kijiji kimoja huzungumza lugha moja na kuishi katika vichochoro vinavyopakana. Aidha, neno kabila linahitajika kwa dhana nyingine kabisa, yaani zile jamii ambazo Katiba ya India imeziorodhesha kuwa makabila. Kwa sababu hizo makala hii inatumia neno jati lenyewe, kwa maana ya kundi la kuzaliwa ambalo wanachama wake huoana wao kwa wao, lenye jina, na ambalo kwa desturi lilihusishwa na kazi fulani.

Uhusiano wa jati na kazi unaweza kufafanuliwa kwa neno ambalo Kiswahili chenyewe kimelipokea kutoka lugha za India. Dobi katika Kiswahili ni mtu anayefua nguo kwa malipo. Akiacha kazi hiyo, si dobi tena. Katika kijiji cha kaskazini mwa India, Dhobi ni jina la jati. Mtu huzaliwa Dhobi, huoa katika familia ya Dhobi, na hubaki Dhobi hata kama hajawahi kufua nguo ya mtu mwingine maishani mwake. Kiswahili kilichukua kazi na kuiacha jati. Mtafiti anayesoma orodha ya jati za kijiji kana kwamba ni orodha ya kazi atakuwa anafanya kinyume chake, na atakosea kuhusu uchumi wa kijiji hicho.

Istilahi ya pili ni kaya. Sensa ya India inaitambua kaya kuwa ni watu ambao kwa kawaida huishi pamoja na kula chakula kinachotoka katika jiko moja. Kigezo ni jiko, wala si undugu. Ndugu wawili wanaoishi katika ua mmoja lakini kila mmoja ana jiko lake huhesabiwa kuwa kaya mbili. Umuhimu wa kigezo hiki utajitokeza katika sehemu inayofuata.

3.0 Palanpur na Ongezeko la Watu Wake

Palanpur inayojadiliwa hapa isichanganywe na mji wa jina hilohilo uliopo katika jimbo la Gujarat. Ni kijiji kidogo katika tambarare ya mto Ganga, kando ya njia ya reli, karibu na mji wa biashara wa Chandausi. Uchunguzi wa kwanza wa kijiji kizima ulifanywa mwaka 1957–58 na kituo cha utafiti wa uchumi wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Delhi, ambacho kilirudi mwaka 1962–63. Christopher Bliss na Nicholas Stern walikichunguza mwaka 1974–75. Uchunguzi mwingine ulifuata mwaka 1983–84, ambapo Jean Drèze aliishi kijijini, kisha mwaka 1993, na tena kuanzia mwaka 2008.

Mwaka 1957–58 Palanpur kilikuwa na watu 528 katika kaya 100. Mwaka 1983–84 watu walikuwa 960 katika kaya 143, na mwaka 1993 walikuwa 1,133 katika kaya 193. Kwa hiyo, katika muda wa takribani miaka 35 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu, sawa na kasi ya takribani asilimia 2 kwa mwaka. Baada ya hapo kasi ilipungua. Uchunguzi ulioanza mwaka 2008 ulikuta takribani watu 1,250 tu. Uzazi ulikuwa umepungua, na baadhi ya familia zilikuwa zimehamia mijini.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kati ya mwaka 1983–84 na mwaka 1993, watu waliongezeka kwa asilimia 18, lakini kaya ziliongezeka kwa asilimia 35. Wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 6.7 hadi 5.9. Msomaji asiyezingatia kigezo cha jiko anaweza kudhani kwamba familia mpya zilihamia kijijini. Ukweli ni kwamba ongezeko la kaya kwa kasi inayozidi ongezeko la watu huashiria, zaidi ya yote, kugawanyika kwa familia za pamoja: wana waliooa hutenga majiko yao mapema, mara nyingi wakati baba angali hai, na ardhi ya familia hugawanywa au hulimwa kwa mafungu. Matokeo yake huonekana katika ukubwa wa mashamba. Kaya nyingi zaidi humiliki vipande vidogo zaidi, hata pale ambapo hapana shamba lililouzwa. Hivyo badiliko la idadi ya kaya, ambalo katika muhtasari wa sensa ni tarakimu moja tu, ni taarifa kuhusu mahusiano ya vizazi na kuhusu ardhi kwa wakati mmoja.

4.0 Jati, Ardhi na Kazi

Jati mbili kubwa za Palanpur ni Thakur na Murao. Thakur ndio wenye hadhi ya juu kidesturi. Wanajihesabu kuwa wa asili ya mashujaa wa vita na mabwana wa ardhi. Murao ni wakulima kwa asili, waliosifika hasa kwa kilimo cha mboga. Zipo pia jati ndogo zaidi, zikiwemo Gadaria, ambao kidesturi ni wafugaji wa kondoo, na Dhimar, waliohusishwa na kazi ya kuteka na kubeba maji. Waislamu wa kijiji wengi ni wa Teli, waliokuwa wakamuaji wa mafuta, na Dhobi. Jatab, ambao kihistoria walihusishwa na kazi ya ngozi na kubaguliwa kuwa najisi, wako chini kabisa katika ngazi ya hadhi, na ndio waliokuwa na ardhi kidogo na kisomo duni kuliko wengi.

Mwanaanthropolojia M. N. Srinivas, aliyefanya utafiti mwaka 1948 katika kijiji cha kusini alichokiita Rampura, alibuni dhana ya jati tawala ili kueleza hali ambapo jati moja huongoza kijiji. Kwa mujibu wake, jati huwa tawala inapokuwa na watu wengi, ardhi na nguvu za kisiasa, na isipokuwa chini mno kihadhi. Cheo cha kidini pekee hakitoshi. Palanpur kinaonesha kwamba utawala wa namna hiyo unaweza kubadilika pasipo orodha ya jati kubadilika.

Sheria ya mwaka 1950 ya kufuta umwinyi wa ardhi katika Uttar Pradesh iliwapatia wakulima wengi waliokuwa wapangaji haki juu ya mashamba waliyoyalima. Kisha yakaja mapinduzi ya kijani: mbegu mpya za ngano, mbolea za viwandani, na pampu zilizochukua nafasi ya magurudumu ya kuteka maji yaliyozungushwa na wanyama. Mabadiliko haya yaliwafaa zaidi wale waliokuwa tayari kulima kwa mikono yao wenyewe. Murao walikuwa na ujuzi huo, na kazi ya shamba haikuwa aibu kwao. Wakaongeza mavuno na, baada ya muda, sehemu yao ya ardhi. Thakur, ambao kidesturi hawakupenda kazi ya mikono na hasa kumfanyia mwingine kibarua, walipoteza sehemu ya ubora wao wa kiuchumi ingawa hadhi yao ilibaki. Mwenye kutazama cheo cha jati pekee asingeliona badiliko hili. Vivyo hivyo mwenye kutazama wastani wa kipato cha kijiji pekee.

Badiliko lililofuata lilihusu kazi nje ya kilimo. Reli iliwawezesha wanakijiji kufanya kazi Chandausi na Moradabad, mji unaojulikana kwa ufundi wa shaba nyeupe na nyekundu, na kurudi nyumbani. Wengine walikwenda kwenye matanuri ya matofali. Katika hatua za mwanzo ajira zenye mshahara wa kudumu zilipatikana kwa njia ya jamaa na watu wa jati moja, na hivyo Jatab walizikosa kwa kiasi kikubwa. Baadaye, kazi za kibarua nje ya kijiji zilipoongezeka, nao pia walipata njia ya kipato isiyowategemeza kwa wenye ardhi wa kijijini.

Sensa huwaweka watu hawa katika makundi manne ya wafanyakazi. Kijana wa Jatab anayefyatua matofali na kijana wa Thakur mwenye ajira ya kudumu mjini huingia wote katika kundi la "wafanyakazi wengineo". Kundi hilo linapoongezeka katika kijiji, msomaji anaweza kusema kwa usahihi kwamba kilimo si tegemeo pekee tena, lakini hawezi kusema ni nani aliyenufaika.

5.0 Yasiyoonekana katika Muhtasari wa Kijiji

Sensa za wakati wa ukoloni zilihesabu jati zote, na ya mwisho kuchapisha hesabu hiyo kwa ukamilifu ni ya mwaka 1931. Kuanzia mwaka 1951, sensa za India huru ziliuliza kuhusu jati kwa lengo la kuhesabu tu zile zilizoorodheshwa kisheria kwa sababu ya historia ya unajisi na ubaguzi, pamoja na makabila yaliyoorodheshwa. Mwaka 2011 makundi hayo yalikuwa asilimia 16.6 na asilimia 8.6 ya watu wote wa India. Waliosalia, yaani takribani robo tatu ya taifa, hawakugawanywa. Katika muhtasari wa Palanpur, kwa hiyo, Thakur, Murao, Gadaria na Teli wote ni kundi moja lisilo na jina.

Orodha ya jati ina mpaka mwingine, nao ni wa kidini. Amri ya Katiba ya mwaka 1950 iliwatambua katika orodha hiyo Wahindu pekee, isipokuwa jamii chache za Kalasinga; Kalasinga wote waliongezwa mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990. Waislamu na Wakristo hawamo. Jina la Dhobi limo katika orodha ya Uttar Pradesh. Dhobi aliye Mhindu huhesabiwa, na Dhobi aliye Mwislamu hahesabiwi. Zaidi ya hayo, ingawa sensa humwuliza kila mtu dini yake, jedwali za dini huchapishwa kwa ngazi ya tarafa na mji, wala si kwa kila kijiji.

Tukiunganisha hoja hizi, hali ya Dhobi wa Palanpur inakuwa bayana. Jati yake haihesabiwi kwa kuwa yeye ni Mwislamu, na dini yake haionekani kwa kuwa yeye ni mwanakijiji. Katika mstari wa takwimu wa kijiji chake yeye ni mkazi tu, asiyeweza kutofautishwa na Thakur mwenye ardhi. Mtafiti anayehitimisha, kwa kutazama asilimia ya jati zilizoorodheshwa, kwamba watu waliosalia ni "jati za juu" atakuwa ameingiza katika kundi hilo watu ambao hawakuwahi kuwa nalo.

6.0 Wanawake, Ndoa na Uwiano wa Jinsi

Uwiano wa jinsi katika takwimu za India ni idadi ya wanawake kwa kila wanaume 1,000. Mwaka 2011 ulikuwa 943 kwa taifa, 912 kwa Uttar Pradesh na 1,084 kwa Kerala. Upungufu wa wanawake kaskazini umejadiliwa sana, hasa tangu Amartya Sen alipoandika mwaka 1990 kuhusu mamilioni ya wanawake waliokosekana. Chanzo chake ni upendeleo kwa watoto wa kiume, unaojidhihirisha katika lishe, matibabu na, katika miongo ya karibuni, uteuzi wa jinsia kabla ya kuzaliwa.

Katika ngazi ya kijiji, hata hivyo, uwiano huu una tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya kihesabu. Chukulia kijiji chenye watoto 150 wa umri wa miaka 0 hadi 6. Wakiwa wavulana 75 na wasichana 75, uwiano ni 1,000. Wakiwa wavulana 80 na wasichana 70, uwiano ni 875. Tofauti ya watoto watano, ambayo yaweza kuwa ya bahati tu, inatosha kukihamisha kijiji kutoka usawa kamili hadi kiwango cha kutisha. Uwiano wa kijiji kimoja hauwezi peke yake kuwa ushahidi wa ubaguzi wala wa kutokuwapo kwake. Unapaswa kusomwa pamoja na vijiji jirani na sensa zilizotangulia.

Tahadhari ya pili inatokana na ndoa. Kaskazini mwa India mtu huoa ndani ya jati yake lakini nje ya ukoo wake, na kwa Wahindu kwa kawaida nje ya kijiji chake. Binti wa kijiji huondoka anapoolewa, na mke hutoka kwingine. Kwa hiyo wanaume wazima wa Palanpur kwa sehemu kubwa ni wazaliwa wa hapo, ilhali wanawake wazima ni wazaliwa wa vijiji vingine. Tim Dyson na Mick Moore walionesha mwaka 1983 kwamba utaratibu huu, ukilinganishwa na wa kusini, ambako ndoa za binamu na za jirani zinakubalika, humtenga mwanamke na jamaa zake wa kuzaliwa na kupunguza uwezo wake wa kujiamulia. Kisomo cha mwanamke katika takwimu za kijiji ni mfano mzuri: kwa waliokwisha kuolewa, kinapima zaidi shule za vijiji walikozaliwa kuliko shule ya kijiji wanakohesabiwa.

Jambo hilohilo linahusu kazi. Katika familia zenye hadhi ya juu, mwanamke kutofanya kazi shambani ni alama ya heshima. Katika familia za vibarua, hana hiari. Idadi ndogo ya wanawake wafanyakazi inaweza kuonesha kukosekana kwa kazi, au kupanda kwa hadhi ya jati fulani, au tu kwamba kazi ya kukamua maziwa, kukata majani na kutengeneza kuni za samadi haikutajwa kwa karani wa sensa kuwa ni kazi.

7.0 Matokeo ya Kisera

Hesabu hizi hugawa madaraka. Marekebisho ya 73 ya Katiba, yaliyoanza kutumika Aprili 1993, yalitenga viti katika mabaraza ya vijiji kwa jati na makabila yaliyoorodheshwa kulingana na sehemu yao ya wakazi, na si chini ya theluthi moja ya viti kwa wanawake. Sehemu hiyo hutoka katika sensa. Kwa kundi lisilohesabiwa hali ni tofauti. Tume iliyoongozwa na B. P. Mandal iliripoti mwaka 1980 kwamba jamii nyingine zilizo nyuma kimaendeleo, kundi ambalo linajumuisha Murao, zilikuwa asilimia 52 ya watu wa India. Makadirio hayo yalitegemea sensa ya mwaka 1931. Nafasi za kazi zilizotengwa kwa jamii hizo tangu mwaka 1990 ziliwekwa kuwa asilimia 27, pasipo hesabu mpya.

Jimbo la Bihar lilichapisha Oktoba 2023 matokeo ya hesabu yake yenyewe ya jati: jamii zilizo nyuma na zilizo nyuma zaidi zilikuwa pamoja asilimia 63 ya wakazi. Aprili 2025 serikali ya India ilitangaza kwamba sensa ijayo, ambayo tarehe yake ya rejea kwa sehemu kubwa ya nchi ni 1 Machi 2027, itahesabu jati zote. Wanaopinga wanahofu kwamba kuhesabu kutaimarisha mipaka ambayo taifa linapaswa kuifuta. Wanaounga mkono wanajibu kwamba ubaguzi usiopimwa hauwezi kurekebishwa. Mfano wa Palanpur unaipa nguvu hoja ya pili kwa kiasi fulani: mipaka ya jati ilidumu katika miongo yote ambayo sensa haikuihesabu.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba muhtasari wa sensa wa kijiji cha India ni mwanzo wa uchambuzi. Idadi ya kaya inapaswa kusomwa pamoja na mgawanyiko wa familia na ardhi. Asilimia ya jati zilizoorodheshwa pamoja na mipaka ya kisheria na ya kidini ya orodha yenyewe. Uwiano wa jinsi na kisomo pamoja na udogo wa kijiji na utaratibu wa ndoa. Makala inapendekeza kwamba watafiti wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu jamii za India watumie neno jati badala ya tabaka au kabila, na wanapotaja takwimu za kijiji chochote waeleze waziwazi ni makundi gani ambayo chanzo chao hakikuyahesabu. Hata baada ya jati zote kuhesabiwa, takwimu hizo zitahitaji kuunganishwa na za ardhi na kazi, kwani mabadiliko ya Murao na Thakur katika Palanpur yasingeweza kuonekana kwa hesabu ya vichwa pekee.